Kimeng'enya safi, matokeo sifuri: je, CYP3A4 yangu imekufa?

Swali: "Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili katika biokemia. Nimetoa dutu moja kwenye mmea wa dawa na nataka kujua kama inazuia CYP3A4 ya binadamu, kile kimeng'enya cha ini kinachobadilisha dawa nyingi. Nilinunua kimeng'enya hicho kikiwa kimesafishwa. Cheti kinasema usafi ni zaidi ya asilimia 95. Nilikiweka kwenye bafa ya fosfati ya pH 7.4, nikaongeza midazolamu, dawa ya usingizi ambayo kimeng'enya hiki huibadilisha, iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi cha DMSO (DMSO ikawa asilimia 2 ya mchanganyiko wote), nikatia NADPH, molekuli inayobeba elektroni, nikaacha kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30. Nilipopima midazolamu iliyobaki, ni ile ile. Nimerudia mara tatu. Muuzaji anasema kimeng'enya kiko salama. Je, kilinifia njiani? Na je, nilinunua kitu sicho?"

Marahaba. Usigombane na muuzaji kwanza, maana kwa maelezo uliyonipa huenda anasema kweli. Hata kama kimeng'enya chako kingekuwa kizima kabisa, kisingeigusa midazolamu ile. Umekipa dawa, umekipa NADPH, umekipa joto; hujakipa mwenzake wa kukiletea elektroni. Na mwenzake huyo hakuwamo kwenye kichupa kwa sababu ile ile iliyokufanya ukinunue: kimesafishwa. Ile asilimia 95 iliyokuvutia kwenye cheti maana yake ni kwamba wenzake karibu wote wameoshwa wakaenda na maji.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza lina jibu la maabara, unaweza kulipata kesho asubuhi kwa kuveti moja, kile kichupa cha kupimia mwanga. La pili ni zito zaidi, nitalifikia.

Kilichomo kwenye kichupa

Toa kichupa kwenye barafu, kiinue mbele ya taa. Kama myeyusho si hafifu sana utaona wekundu wa kahawia uliofifia, kama maji yaliyolala kwenye ndoo yenye kutu. Rangi hiyo ni ya hemu, bamba dogo lenye atomi ya chuma katikati, sawa na lililomo kwenye damu. Katika CYP3A4 chuma hicho kimeshikwa na salfa ya sisteini iliyo nafasi ya 442, kwenye mnyororo wa asidi amino 503. Katika himoglobini kinashikwa na histidini. Tofauti hiyo ya mshiko ndiyo inayoipa P450, familia ya vimeng'enya ambamo CYP3A4 imo, nguvu zake, na ndiyo iliyoipa jina, kama utakavyoona hapa chini.

Mara nyingi protini hii hutengenezwa na bakteria Escherichia coli waliopandikizwa jeni ya binadamu. Bakteria hawaikubali kirahisi ilivyo, kwa hiyo ncha yake ya mwanzo, ile inayojichomeka kwenye utando wa seli, hukatwa au kubadilishwa kidogo. Kisha huwekewa mkia wa histidini ili inaswe na nikeli wakati wa kusafishwa. Kwa hiyo ulichonacho hakikutolewa kwenye ini la mtu, na huenda kimekatwa nanga yake. Soma cheti uone ni umbo lipi. Wengi tunasoma namba ya usafi tu na kufunga karatasi.

Kwa nini peke yake haifanyi kitu

Kazi ya CYP3A4 kuieleza ni rahisi: inachukua molekuli ya oksijeni, inaipasua, atomi moja inaichomeka kwenye dawa, ya pili inatoka kama maji. Ili oksijeni ipasuke hivyo zinatakiwa elektroni mbili, tena zije moja moja, kwa zamu. Elektroni zimo kwenye NADPH, ila NADPH hutoa mbili kwa mkupuo, na P450 haina pa kuzipokelea namna hiyo. Hapo katikati lazima awepo dalali, naye ni riduktesi ya P450, protini ya takriban kilodaltoni 78 iliyobeba FAD na FMN, molekuli mbili ndogo za kupokea na kupitisha elektroni. FAD inapokea elektroni zote mbili kutoka kwa NADPH, inaisogezea FMN, na FMN inampelekea P450 moja, halafu nyingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe umekipa kidole kimoja kazi ya vitatu.

Nasema vitatu kwa sababu kuna mwingine ambaye watu humsahau. Kuanzia mwaka 1968, Lu na Coon huko Marekani waliweza kuyeyusha vimeng'enya vya tando za ini la sungura na kuvitenga katika mafungu. Fungu lenye P450 peke yake halikufanya kitu. Likiwekwa pamoja na riduktesi, bado kazi ilikuwa dhaifu. Kazi ilirudi walipoongeza fungu la tatu, ambalo halikuharibika hata likipashwa moto, dalili kwamba halikuwa protini. Mwaka 1970 lilithibitishwa kuwa ni lipidi, fosfatidilikolini, yaani mafuta ya utando wenyewe. Kwa hiyo ulichofanya wewe mara tatu ni sehemu ya kwanza ya jaribio la 1968, na ulipata jibu lile lile walilopata wao.

Kwa CYP3A4 kuna na wa nne: saitokromu b5, protini nyingine ya utando yenye hemu. Baadhi ya P450 haziijali. CYP3A4 inaijali sana, na kwa midazolamu na testosteroni tofauti ya kuwa nayo na kutokuwa nayo huwa kubwa. Kuna kitu cha kushangaza hapa. Miaka ya 1990 ilionyeshwa kwamba hata b5 iliyonyang'anywa hemu yake, isiyoweza kabisa kubeba elektroni, bado iliisaidia CYP3A4. Basi inasaidiaje? Wengine wanasema inaikaza protini ikae umbo linalofaa, wengine wana maelezo yao, na mabishano hayajaisha. Wewe huna haja ya kuyamaliza. Itie tu.

Kwanza pima kama kiko hai

Usinunue riduktesi kabla hujajua kama P450 yenyewe ni nzima. Kipimo chake kina umri mkubwa kuliko mimi, na hakihitaji dawa yoyote wala NADPH.

Mwaka 1958 watafiti wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliripoti rangi ya ajabu kwenye tando za ini: ukiipunguza kikemia (yaani kuipa elektroni) na kuipulizia kaboni monoksaidi, inafyonza mwanga kwenye nanomita 450, mahali ambapo protini za hemu za kawaida hazifiki. Mwaka 1962 Omura na Sato wa Japani waliiita P450, yaani pigmenti ya 450, na mwaka 1964 wakaeleza kwa kina kwamba ni protini ya hemu na jinsi ya kuipima. Jina lile lilikuwa la muda tu, mpaka kazi yake ijulikane. Kazi ikajulikana, jina likabaki. Ile salfa ya sisteini niliyokutajia ndiyo inayosukuma kilele hadi 450. Salfa ikiachia chuma, au mshiko wake ukiharibika, kilele hurudi 420, na hapo umebaki na kitu kinachoitwa P420: protini ipo, hemu ipo, rangi ipo, kazi hakuna. Kwenye jeli ya kutenganishia protini itaonekana mstari mzuri mmoja wa takriban kilodaltoni 57. Asilimia 95 ya cheti inaweza kuwa kweli tupu, na bado yote ikawa P420. Usafi na uzima ni vitu viwili.

Fanya hivi. Chukua bafa ya fosfati ya potasiamu milimola 100, pH 7.4, yenye gliserini asilimia 20, iliyopoa. Zimua kimeng'enya ndani yake hadi kati ya nusu maikromola na maikromola 1. Tia punje chache za dithionaiti ya sodiamu, geuza kuveti taratibu mara mbili tatu, piga mstari wa msingi kutoka nanomita 400 hadi 500. Kisha pitisha kaboni monoksaidi, kiputo kimoja kwa sekunde hivi, kwa dakika moja. Usipulize kwa nguvu. Povu ni adui wa protini. Pima tena.

Hapa wengi hukata tamaa mapema. CYP3A4 ikiwa haina dawa ndani yake huchelewa kupunguzwa na dithionaiti, kwa hiyo kilele cha 450 kinaweza kuanza kifupi kikawa kinapanda. Rudia kupima kila dakika mpaka kiache kupanda. Na dithionaiti iwe mpya. Ile iliyokaa kwenye kopo lililofunguliwa tangu mwaka juzi imeshakunywa unyevu na oksijeni, haina kitu. Niliwahi kutupa kichupa kizima cha P450 nikidhani kimeharibika, kumbe mbovu ilikuwa dithionaiti. Niligundua wiki iliyofuata nilipofungua kopo jipya na sampuli ya akiba ikatoa kilele kama mlima.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na inaua. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kuvuta hewa, kiwepo kifaa cha kuigundua, na usifanye ukiwa peke yako jengoni.

Hesabu yake ni hii: toa usomaji wa 490 kwenye usomaji wa 450, gawanya kwa 0.091, unapata maikromola, kama kuveti yako ina upana wa sentimita 1. Tuseme umezimua sampuli mara 10 na tofauti ikawa 0.0455. Hiyo ni maikromola 0.5, kwa hiyo kichupani mna maikromola 5. Linganisha na namba ya cheti. Kama 450 imesimama vizuri na 420 ni kibonge kidogo pembeni, kimeng'enya ni kizima, endelea. Kama 420 ndiyo mlima na 450 ni bega tu, hapo sasa una la kumwambia muuzaji, na una grafu ya kumwonyesha.

Kuhifadhi, kwa ufupi: nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye gliserini, kikiwa kimegawanywa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiyo njia ya kawaida ya kutengeneza P420 bila kukusudia. Umesema ulirudia jaribio mara tatu. Kama mara zote tatu ulirudi kwenye kichupa kile kile, anza na kipimo hiki kabla ya kitu kingine chochote.

Kuwakutanisha tena

Tuseme 450 imesimama. Sasa unahitaji riduktesi ya binadamu au ya panya (ya panya hufanya kazi vizuri na P450 za binadamu, na wengi huitumia), saitokromu b5, na lipidi. Uwiano wa kuanzia ninaoutumia ni P450 moja, riduktesi mbili, b5 moja, kwa hesabu ya molekuli na si ya uzito. Kwenye ini hali ni kinyume, riduktesi ni chache kuliko P450 na zinagombaniwa, ila kwenye mrija tunataka upokezaji wa elektroni usiwe ndio unaochelewesha kazi.

Kinachowashinda watu ni mpangilio wa kuchanganya. Protini hizi zimezoea kukutana kwenye uso wa utando, mahali finyu. Ukianza na mililita ya bafa kisha ukadondoshea kila moja kivyake, umezitawanya baharini; zitakutana kwa bahati. Mimi huanza na protini zote zikiwa nzito, kwenye maikrolita chache chini ya mrija, P450 na riduktesi na b5, kisha naongeza lipidi iliyotikiswa kwa mawimbi ya sauti hadi ukungu wake upungue na myeyusho uanze kupitisha mwanga. Nachanganya kwa kuvuta na kuachia pipeti polepole, naacha dakika 10 kwenye joto la chumba, ndipo naongeza bafa. Kwa CYP3A4 lipidi ya aina moja mara nyingi haitoshi. Mchanganyiko wa fosfatidilikolini na fosfatidiliserini hufanya vizuri zaidi, pamoja na kolati ya sodiamu kidogo, glutathaioni, na magnesiamu ya kutosha. Nikisema kolati kidogo namaanisha kidogo. Ni sabuni, na sabuni ikizidi inavunja kile unachojaribu kujenga.

Halafu DMSO. Asilimia 2 ni nyingi mno. DMSO yenyewe huzuia baadhi ya P450, CYP2E1 ikiwa ndiyo dhaifu kuliko zote mbele yake, na CYP3A4 nayo haisalimiki kwa kiwango chako. Shuka hadi asilimia 0.1 au 0.2, au tumia asetonitrili isiyozidi asilimia 1, na kiwango kiwe kile kile kwenye kila mrija, hata ule usio na dutu.

Joto na saa. Pasha mchanganyiko nyuzi 37 kwa dakika 3 ukiwa na dawa ndani, anzisha kwa NADPH, simamisha baada ya dakika 5 kwa asetonitrili baridi. Dakika 30 ni ndefu kwa midazolamu: kimeng'enya kinaharibika kikiwa kazini, na midazolamu yenyewe huchangia kukiharibu, kwa hiyo mstari wa zao (kile midazolamu inachogeuzwa kuwa) dhidi ya muda hupinda mapema. Ukiuchora mara moja kwa dakika 2, 5, 10 na 20 utaona mwenyewe ulipopinda, na hutauliza tena mtu.

Badilisha pia unachopima. Ulipima midazolamu iliyobaki. Chukulia una P450 nanomola 50, na kila molekuli, kwa mfano, inafanya kazi mara 2 kwa dakika. Kwa dakika 5 utapata zao la maikromola 0.5. Kama ulianza na midazolamu maikromola 5, iliyopotea ni asilimia 10, na makosa ya pipeti pekee yanaweza kuifunika. Zao lenyewe, 1'-hidroksimidazolamu, limetoka sifuri hadi 0.5, na kifaa chochote cha kromatografia chenye kipimo cha masi kitaliona bila shida. Kutafuta kilichopungua kidogo kwenye kingi ni kazi ngumu kuliko kutafuta kilichotokea pasipo kitu.

Kuna mtego mwingine unaokusubiri mara tu utakapoongeza riduktesi. Utaweka mrija kwenye spektrofotomita, utaona nanomita 340 inashuka, NADPH inaliwa, utafurahi. Usifurahi bado. Riduktesi inaweza kumwaga elektroni kwenye oksijeni bila kupitia P450, na P450 yenyewe hukosea: inapokea elektroni, inaikamata oksijeni, kisha inaiachia kama peroksidi ya hidrojeni dawa ikiwa haijaguswa. NADPH imekwisha, zao hakuna, na peroksidi inarudi kuunguza hemu. Katika mifumo hii ya kuunganishwa upotevu wa namna hiyo ni mkubwa, ndiyo maana wengine hutia katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi. Kushuka kwa 340 kunakuambia elektroni zinatembea; hakukuambii zinakwenda wapi.

Mirija ya kulinganishia nayo isikosekane: mmoja bila NADPH, mmoja bila P450, mmoja bila riduktesi (huu ndio jaribio lako la mwanzo, sasa limepata kazi yake halali), na mmoja wenye maikromola 1 ya ketokonazoli, dawa ya fangasi ambayo inatosha kuzima karibu kazi yote ya CYP3A4. Huo wa mwisho ndio utakaokuambia kama jaribio lako lina uwezo wa kukiona kizuizi kinapokuwepo.

Je, ulinunua kitu sicho?

Kwa swali lako, ndiyo. Nasema hivyo bila kukulaumu, kwa sababu neno "kilichosafishwa" linasikika kama daraja la juu, na mtu anayeanza huona kwamba akichagua kilicho safi zaidi atapata jibu safi zaidi.

CYP3A4 iliyosafishwa ina kazi zake na katika hizo haina mpinzani. Ukitaka kuona kama dutu yako inaingia hasa kwenye mfuko wa hemu, hakuna kingine kitakachokuonyesha kwa uwazi huo: weka kimeng'enya kwenye kuveti, ongeza dutu kidogo kidogo, angalia rangi inavyohama. Dutu inayofukuza molekuli ya maji iliyokaa juu ya chuma huleta kilele karibu na 390 na bonde karibu na 420. Dutu yenye naitrojeni inayoshika chuma moja kwa moja, kama ketokonazoli, husukuma kilele upande wa pili, kwenye 425 hadi 435. Hapo huhitaji riduktesi wala NADPH. Maumbo ya kwanza ya fuwele ya CYP3A4, yaliyochapishwa mwaka 2004, nayo yasingepatikana bila protini safi. Kadhalika ukitaka kuthibitisha kwamba zao fulani linatengenezwa na kimeng'enya hiki na si jirani yake.

Swali la "je, dutu yangu inazuia?" linataka mahali ambapo CYP3A4 inafanya kazi kama kawaida yake. Hapo anza na mikrosomu za ini la binadamu, vipande vya utando vilivyotengwa kwa sentrifuji, ambamo P450, riduktesi, b5 na lipidi vyote vimo vikiwa vimekaa mahali pao. Huunganishi chochote. Tia miligramu 0.1 ya protini kwa mililita, midazolamu maikromola 3 hivi, NADPH, dakika 5, umemaliza. Chagua mchanganyiko wa ini za watu wengi, maana mtu na mtu hutofautiana sana kwa wingi wa CYP3A4. Ukitaka kimeng'enya kimoja bila majirani, kuna tando za seli za wadudu zilizopandikizwa CYP3A4 pamoja na riduktesi yake, na nyingine na b5 pia. Hizo ni katikati ya njia: kimeng'enya kimoja, lakini kiko nyumbani kwake. Ila usichukue kasi uliyoipata humo ukaizidisha tu mpaka upate kasi ya ini. Uwiano wa riduktesi na P450 mle si wa ini, na kasi haihami hivyo kirahisi.

Kwa dutu ya mmea kuna mambo ambayo ni lazima nikuonye, kwa sababu nimeona tasnifu nzuri zikianguka hapo.

Tikisa myeyusho wako kwenye mrija. Ukitoa povu linalokaa, shuku saponini. Saponini hutenda kama sabuni, na kwenye mfumo wa kuunganishwa zitasambaratisha lipidi, kazi itashuka, nawe utaandika kwamba dutu inazuia CYP3A4 ilhali imevunja nyumba tu. Kama unatumia kipimo cha mwanga wa floresensi, jua kwamba rangi nyingi za mimea hufyonza mwanga huo au hutoa wa kwao. Ndiyo sababu nakusisitizia midazolamu na kipimo cha masi. Na dutu inaweza kuwa inazuia riduktesi, P450 ikiwa haijaguswa. Pima riduktesi peke yake kwa saitokromu c, ambayo ikipokea elektroni hufyonza mwanga zaidi kwenye nanomita 550. Kipimo hicho ni cha dakika chache na kinaokoa aibu ya miaka.

Tumia na dawa ya pili ya kupimia, testosteroni, ukiangalia zao lake la 6β-hidroksi. CYP3A4 ina mfuko mpana sana, dawa mbili zinaweza kukaa ndani kwa wakati mmoja, na dutu inayozuia midazolamu inaweza isiguse testosteroni, au hata ikaichochea. Alfa-naftoflavoni inajulikana kwa tabia hiyo ya kuchochea. Mamlaka za dawa, FDA ya Marekani ikiwemo, hupendekeza dawa mbili zisizofanana kwa kimeng'enya hiki kwa sababu hiyo.

Kisha pima kwa muda. Kuna dutu za mimea ambazo hazizuii kwa kukaa mlangoni. Kimeng'enya kinazianza kazi, zinageuka kitu kikali, zinakiua kutoka ndani. Bergamotini ya balungi ni ya aina hiyo, na ndiyo sehemu ya sababu juisi ya balungi hupandisha kiwango cha baadhi ya dawa mwilini: kimeng'enya cha utumbo kimeuawa, na mwili lazima utengeneze kingine. Weka dutu yako na mikrosomu na NADPH kwa dakika 30 bila midazolamu, kisha zimua mara 10 au 20 ndani ya midazolamu. Fanya vivyo hivyo bila NADPH. Kama uzuiaji unaongezeka pale tu palipokuwa na NADPH, umepata kitu kizito kuliko ulichokuwa unakitafuta.

Na kuna jambo ambalo mrija wowote wa kimeng'enya, safi au si safi, hautakuonyesha. Mmea Hypericum perforatum una haipaforini, ambayo kwenye mrija huzuia CYP3A4. Ungeishia hapo ungetabiri kwamba anayeutumia atapandisha dawa zake mwilini. Mwaka 2000 ziliripotiwa habari za kinyume: viwango vya indinavir (dawa ya VVU) na vya saiklosporini (dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa) vilishuka kwa waliokuwa wakiutumia, na kwa waliopandikizwa moyo hilo lilikuwa la hatari. Haipaforini inakiwasha kipokezi cha PXR ndani ya seli, na seli inatengeneza CYP3A4 zaidi. Kuliona hilo kunataka seli hai za ini, siku kadhaa kwenye sahani. Kwa hiyo katika tasnifu yako andika "inazuia CYP3A4 katika mikrosomu za ini la binadamu", uishie hapo, na mtahini akiuliza kuhusu mgonjwa, mtajie Hypericum.

Kimeng'enya ulichonunua usikitupe. Kipime kwa kaboni monoksaidi, kikiwa kizima kigawanye vichupa vidogo, kiweke. Mikrosomu zikikuonyesha kwamba dutu yako inazuia kweli, utakirudia kwa kipimo cha rangi uone kama inashika chuma au inakaa pembeni, na hiyo itakuwa sura nzima ya tasnifu ambayo bila protini safi usingeiandika. Ukipata grafu, niandikie namba mbili tu, kimo cha 450 na kimo cha 420, na idadi ya mara ulizoyeyusha kile kichupa.